Ngazi ya Vidato Kumi na Tisa

Duka la Fotokopi na Kuchapa Barua,
Ghorofa ya Kwanza (ndiyo, umesoma sawasawa),
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote. Hujambo? Wifi hajambo? Mapacha hawajambo, na je, wameacha kung'ata watu? Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa shemeji yako ambaye mgongo umemshika tena. Ulimi haukushikwa. Magoti yangu nayo yanalia kila nikiinama, kwa sababu ambayo utaijua ukiwa na subira ya kusoma, subira ambayo hukuwa nayo ulipokuwa shuleni.

Picha ya mapacha imefika salama. Niliitolea kopi thelathini nikazigawa mtaani, hata kwa watu wasiokujua. Mwenye bucha ameibandika yake juu ya mizani. Mteja akilalamika kwamba amepewa mifupa mitupu, anaambiwa kwanza atazame watoto wazuri.

Mwambie wifi ile skafu aliyonitumia naivaa kila siku. Shemeji yako anasema hainifai. Ndiyo maana naivaa kila siku.

Sasa. Uliuliza mambo kumi katika barua yako, lakini nakujua: ulitaka kuuliza moja tu, ukalificha katikati ya habari za mvua ili nisilione. Uliuliza kama Baba ameingia kanisani. Nitakujibu, ila nitaanzia mwanzo, na wewe usirukie ukurasa wa mwisho. Sikukupigia simu kwa kuwa Baba husikiliza simu zangu zote. Hujifanya amesinzia, halafu nikishakata ananisahihisha.

Unalikumbuka kanisa letu lilivyokaa: ukumbi uko ghorofani, duka langu chini yake, na njia ya kupandia ni ile ngazi ya mbao aliyoijenga Baba mwenyewe, vidato kumi na tisa, hakuna hata kimoja kinacholia. Miaka ishirini na miwili watu wameipanda, na miaka ishirini na miwili Baba amesimama pale chini akingoja asifiwe. Kisha sukari ikamchukua mguu, na goti lililobaki likasema halina nguvu za kufanya kazi ya wawili. Fundi akashindwa na ngazi yake.

Tukataka kumbeba. Akakataa. Alisema yeye si gunia. Ikawa kila Jumapili tunamwacha dukani kwangu kwenye kiti chake cha magurudumu, katikati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi, ibada inaendelea juu ya kichwa chake. Usidhani alikaa kimya. Alichukua mpini wa ufagio akawa anagonga dari. Kugonga mara moja ni amina. Mara mbili ni rudia, hatukusikia. Mara tatu ni imetosha, watu wana njaa. Alikuwa amewajua waumini wote kwa hatua zao, hata aliniambia nani amechelewa na nani ameondoka kabla ya sadaka.

Watu walilipenda jambo hilo kupita kiasi. Wageni walikuwa wakiletwa wasikie. Katibu wa kanisa, yule tunayemwita Muhuri kwa sababu hakuna karatasi inayompita bila kugongwa, aliliingiza kwenye kumbukumbu: amina kutoka chini, saba. Tulijiona kanisa lenye furaha sana.

Kisha akaja mchungaji mpya. Ni mwanamke, bado kijana, na kabla ya kuitwa alikuwa mwalimu wa hesabu. Mahubiri yake huishia na swali badala ya jibu, na wazee wetu hawajazoea. Wao wanataka wapewe jibu waende nyumbani wakale. Jumapili yake ya kwanza aliposikia dari, kwake ni sakafu, ikigongwa, alifikiri bomba limepasuka. Tukamweleza huku tunacheka. Yeye hakucheka. Akauliza tu, "Na nyinyi mmeridhika?" Muhuri akamjibu kwamba ndiyo, kwa kauli moja.

Huyu mchungaji alianzisha mkutano wa Alhamisi, hapo hapo dukani kwangu ili Baba naye awepo. Tunasoma kisa kimoja cha Biblia, halafu kila mtu anasema, kama kisa hiki kingetokea leo hapa mtaani, yeye angekuwa nani. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: tuliposoma habari za Msamaria, tulijikuta Wasamaria wanane na hakuna hata mnyang'anyi mmoja. Mchungaji akaweka sheria. Hakuna kujichagulia Yesu, wala yule mwema wa kisa. Atakayefanya hivyo ataosha vikombe vya chai. Fundi umeme aliosha vikombe wiki tatu mfululizo. Mwenye bucha yeye alichagua punda wa Msamaria, maana punda ndiye aliyebeba mzigo wote na hakuna aliyemshukuru.

Alhamisi moja tukasoma kile kisa cha mtu aliyepooza. Unakikumbuka: nyumba imejaa, mlango haupitiki, rafiki zake wanne wakampandisha juu, wakatoboa paa, wakamteremsha mbele ya Yesu na kitanda chake. Mdogo wangu, weka mafundi sita kwenye chumba kimoja uwasomee kisa cha paa. Saa nzima ilipita bila mtu kumtaja Mungu. Lilikuwa paa la aina gani? Kamba zilikuwa nne au mbili? Muhuri alitaka kujua kama kulikuwa na kibali cha kubomoa. Mimi nilisema ningekuwa mwenye nyumba, mtu wa pekee aliyeonewa siku ile, maana wote walikwenda zao wakimsifu Mungu wakamwachia tundu. Nilichekwa sana, nikajiona hodari.

Zamu ya Baba ilipofika akasema, "Mimi ningekuwa fundi aliyeijenga ile nyumba." Watu wakacheka tena, fundi umeme akasema huyo hakuwa fundi, paa gani linatobolewa kwa mikono. Baba hakucheka. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe, sikumtazama usoni, na leo najuta.

Mchungaji akafunga kitabu akasema neno ambalo Muhuri aliliandika kisha akalipigia mstari kwa mashaka. Alisema tangu tuzaliwe tumekuwa tukimwonea huruma yule mtu kwa ajili ya miguu yake, na hatujawahi kuuliza habari za mlango. "Miguu ya Mzee haina kosa lolote," akasema. "Mlango ndio wenye kosa." Muhuri akauliza kama mlango unaweza kutenda dhambi. Mchungaji akamwambia hilo ni swali zuri, alale nalo. Muhuri hajamsamehe mpaka leo.

Basi mpwa wako, kitindamimba wangu, alikuwa apate kipaimara Novemba. Amekua, hutamtambua. Ana urefu wa mama yetu na ulimi wa nani sijui. Akamwomba babu yake awepo. Baba akasema atakuwepo, atagonga dari. Mtoto akajifungia chooni akalia mpaka majirani wakaja kuuliza. Baba akasikia kilio kile kwa dakika kumi, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi asichokisoma, "Haya. Nipandisheni mnavyojua."

Hapo ndipo tulipokosea, maana aliyejua alikuwa shemeji yako. Unaijua kazi yake, kuhamisha samani za watu. Mwanamume yule kila tatizo duniani analiona kabati. Akapima dirisha la ghorofani, akampima Baba, akasema hiyo ni kazi ya nusu saa. Alifunga kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, kwenye boriti juu ya dirisha, akamketisha Baba kwenye lile sofa letu la mtu mmoja, akamfunga mikanda, akamzungushia mablanketi ya kukinga mikwaruzo, na kwa mazoea ya miaka mingi akabandika kifuani kwake ile karatasi yao nyekundu: KITU CHA KUVUNJIKA, UPANDE HUU JUU. Kabati, kumbuka, halina maoni. Baba alikuwa nayo mengi na aliyatoa yote.

Fundi umeme, mwenye bucha na jirani mmoja mnene wakashika kamba pamoja na shemeji yako. Rafiki wanne, kama ilivyoandikwa. Walikuwa na furaha mno, na niseme ukweli, hata mimi nililengwa na machozi. Baba akaanza kupanda. Akapita bango la duka langu. Akafika dirishani, kichwa na mabega vikaonekana na watu waliokuwa ndani, kwaya ikaanza kuimba. Kapi likakwama.

Ilikuwa hivi: kamba moja ilikuwa fupi, fundi umeme akaiunganisha na nyingine kwa fundo lake la kujivunia, na fundo haliwezi kupita kwenye kapi. Kwenda juu haiwezekani. Shemeji yako akasema wasubiri achukue kamba ndefu garini, na gari lilikuwa mtaa wa tatu. Baba akabaki pale akizunguka polepole, mara uso unatazama madhabahu, mara unatazama barabara. Mchungaji alitoka mbio kuja dirishani kumshika mkono asizunguke, lakini kila alipoufikia alikuwa ameshageuka. Muhuri akainuka na daftari lake akauliza, mbele ya kanisa zima, kama Mzee ahesabiwe kati ya waliohudhuria au kati ya waliopita.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaketi kwenye kidato cha tatu.

Sasa ng'ambo ya barabara, kama hukumbuki, yupo fundi viatu. Ni mwanamke wa makamo, anatembea kwa magongo mawili tangu utoto, na kibanda chake hakifungwi hata Jumapili. Viatu vyetu vyote vimepita mikononi mwake. Miaka yote hii hajakanyaga kanisani kwetu na sisi tulisema tu kwamba hana dini. Siku ile aliweka nyundo chini, akavuka barabara taratibu, akaja kusimama chini ya sofa. Akainua uso akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bucha:

"Mzee fundi! Usiwe na wasiwasi! Mungu anasikia hata hapo ulipo!"

Watu wakadhani anamtia moyo. Wengine wakasema amina. Lakini mimi nilikuwa namwona Baba usoni, na uso wake ulibadilika kama umemwagiwa maji. Akasema, "Nishusheni." Shemeji yako akasema kamba inakuja. Baba akasema kwa sauti ambayo hatujaisikia tangu tulipokuwa watoto na tumevunja kitu, "Nimesema nishusheni."

Wakamshusha. Akafika chini bado amefungwa mikanda, na karatasi yake kifuani, akamtafuta yule mama, naye ameshavuka kurudi zake. Ndipo akatuambia, pale pale barabarani, huku kanisa zima likiteremka kujua kulikoni. Wakati anaijenga ile ngazi, binti mmoja wa magongo alimjia akamwomba. Akamwambia, Mzee, mimi pia nasali hapa, ukumbi ukienda juu nitapandaje, tafadhali wajengeeni watu kama sisi njia ya mteremko au mbakize ibada chini. Na Baba, mzee wa kanisa, fundi mwenye sifa zake, akamjibu kwamba mteremko utaharibu sura ya jengo. Akamwambia akae chini, Mungu anasikia hata huko chini.

Binti yule alikaa chini miaka ishirini na miwili. Ndiye fundi viatu.

Kwa hiyo haikuwa kiburi, mdogo wangu. Sote tulidhani Baba anaona haya kubebwa. Alikuwa anaona haya kupanda. Kila Jumapili pale dukani, akigonga dari na sisi tukichekelea, alikuwa akimtazama yule mama kupitia kioo cha duka langu. Aliniambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu nilikuwa mimi mwenyewe, na guu nimelipata."

Alisukumwa siku ile ile hadi kibandani kuomba msamaha. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, misumari mdomoni. Akaitoa akasema, "Nimesikia, Mzee." Akairudisha. Hakuna zaidi. Mwenye bucha alikasirika, akasema mtu akiombwa msamaha sharti asamehe, imeandikwa. Mchungaji akamwambia imeandikwa pia kwamba walitoboa paa, haikuandikwa kwamba yule mgonjwa aliambiwa angoje nje mpaka awe na adabu.

Kipaimara hakikufanyika. Mpwa wako alikataa, na gauni limevaliwa. Alisema hawezi kuahidi chochote mahali ambapo babu yake ameanikwa dirishani. Alisema hivyo kwa mchungaji, siyo kwangu, na mchungaji akamshukuru! Mimi ningempa kofi.

Alhamisi iliyofuata hatukusoma kisa kipya. Baba alikuja na penseli sikioni, mara ya kwanza tangu mguu uende, na mchoro wa njia ya mteremko. Mchungaji akaukagua kwa hesabu zake, akasema ili kiti kipande bila kumuua anayekisukuma, njia ile itaanzia kwenye bucha. Mwenye bucha, Mungu ambariki, alisema yuko tayari watu wapite katikati ya nyama. Fundi umeme akataja winchi. Watu wote wakamtazama mpaka akanyamaza.

Kisha niliona macho yanaanza kutembea. Yakatazama mlango wangu mpana ulio sawa na barabara. Yakatazama sakafu yangu, kaunta yangu, mashine yangu ya fotokopi. Jengo ni la kanisa, mimi ni mpangaji tu, na Muhuri alikuwa ameshaandika barua ya notisi, imegongwa na muhuri tayari. Mchungaji aliichana mbele yangu. Akasema paa la mtu halitobolewi kwa barua. Akaniuliza tu, kwa upole wa kuudhi, "Dada, juzi ulisema ungekuwa nani?"

Nilimchukia mwanamke yule siku tatu. Nilimchukia na Mungu kidogo. Nilibadilisha wino wa mashine nikimweleza Yeye kwamba wateja wangu ni wanafunzi na wazee wa pensheni, nani atapanda vidato kumi na tisa kwa ajili ya kopi mbili za kitambulisho? Na hapo nikajisikia ninavyosema. Mkuki kwa nguruwe. Kwa ajili ya kopi mbili naona ni mbali, na kwa ajili ya Mungu tulimwambia mtu akae chini. Siku ya nne nikawaambia haya, chukueni. Nilisema nikiwa nimenuna, usije ukanifanya mtakatifu.

Ndiyo sababu ya anwani hapo juu. Kanisa limeshuka, mimi nimepanda. Shemeji yako aliipandisha mashine kwa kapi lake, safari hii kamba nzima, na mashine haikusema neno. Asiyeweza kupanda anapiga kengele nateremka mwenyewe. Nateremka mara ishirini kwa siku. Nguo zote zimenilegea na magoti yamekwisha, na ngazi kweli hailii hata kidogo, ila mimi nalia kwa niaba yake.

Mlango wa kanisa jipya aliutengeneza Baba. Ungemwona! Ameketi kwenye kiti chake, msumeno mkononi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anamtukana kila anayemsaidia. Aling'oa kizingiti chote, akaweka mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu na mtu kando yake. Alipomaliza alipitisha kiganja sakafuni, toka ndani hadi nje, mara nne tano, akitafuta mahali gongo linapoweza kukwama.

Halafu, mdogo wangu, akakataa kuingia.

Kanisa zima limeshushwa kwa ajili yake, duka langu limepelekwa mbinguni kwa ajili yake, na Jumapili ya kwanza mzee anaegesha kiti nje ya mlango anasema hataingia kabla ya yule mama. Mama yule alikuwa ameshaalikwa na mchungaji, akasema atafikiri. Jumapili ya pili, nje. Ya tatu, nje, na mvua, nikimshikia mwavuli nikisaga meno. Nilimwambia Baba kwamba mama yule ana haki ya kutokuja hata milele. Akasema najua. Nikamwuliza, na wewe utakaa hapa milele? Akasema, "Yeye alikaa." Nilirudi ndani nikaogopa kwamba tutamzika akiwa bado hapo mlangoni.

Jana ndiyo ikawa Jumapili ya kipaimara, baada ya miezi minne. Jumamosi kisigino cha kiatu cha mpwa wako kikang'oka, tukakipeleka ng'ambo, tukaambiwa kitakuwa tayari asubuhi. Asubuhi ikafika, wimbo wa kuingilia ukaanza, kiatu hakuna. Mtoto akaingia na wenzake akiwa amevaa kimoja, anasimama mguu mmoja mbele ya madhabahu. Baba, kwa hamu ya kumwona bila kuvunja nadhiri yake, akasogeza kiti mpaka magurudumu ya mbele yakagusa mstari wa mlango. Nusu nje, nusu wapi sijui.

Nikamwona mama yule anavuka barabara, amekitundika kiatu shingoni kwa mkanda wake, magongo yanagonga lami. Akafika mlangoni. Hana pa kupita.

"Mzee fundi," akasema, "unaziba mlango."

Baba akavua kofia. Akaanza kumweleza, palepale, kwamba hawezi kuingia kabla yake, kwamba ameapa, kwamba miaka ishirini na miwili si mchezo, kwamba yeye na roho yake. Mama yule alimwacha aseme kidogo, kisha akamkata.

"Nimebeba kiatu cha watu na mtoto anasimama kwa mguu mmoja. Toba yako imekaa njiani, Mzee. Ama ingia ama toka, watu wapite."

Baba akamtazama. Akatazama magurudumu yake. Akashika pande zote mbili akasukuma, akaingia. Yeye wa kwanza, mama yule nyuma yake. Wimbo ukakatika katikati, hata mchungaji akasahau ukurasa. Mama yule akapita hadi mbele, akainama kwa shida zake, akamvisha mtoto kiatu, akafunga kifungo, kisha akaketi benchi la karibu mpaka mwisho wa ibada. Aliniambia baadaye alitaka tu kuona kama gundi itashika.

Kwa hiyo ndiyo, Baba ameingia kanisani. Nilikuwa nimetayarisha utani wa siku hiyo tangu Krismasi, mmoja mzuri sana. Nililia mpaka mwenye bucha akanipa kitambaa chake cha kufutia visu.

Kama amesamehewa sijui. Yule mama hakusema, na hakuna aliyethubutu kumwuliza, hata Muhuri. Lakini leo asubuhi Baba ameomba asukumwe hadi ng'ambo, na tangu saa tatu yuko huko kibandani. Ninapokuandikia nawaona kupitia dirisha hili la ghorofani. Sisikii neno. Naona tu kwamba yule mama anaongea, na anaongea muda mrefu, na Baba amenyamaza anamsikiliza, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe.

Nisalimie wifi sana, na mapacha, kila mmoja kivyake wasije wakagombana. Msalimie shangazi mkubwa ukienda kumtembelea, mwambie kitambaa chake cha meza bado ninacho. Shemeji yako anakusalimu akiwa amelala chali. Mpwa wako anakusalimu na anasema atakuandikia mwenyewe, maana mimi natia chumvi.

Mungu awape afya, awape kazi isiyochosha, na awalaze mapacha mapema ili nanyi mlale.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapochelewa kujibu,

Dada.